Herufi za Kitako: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Mabibo

Hongera kwa kupata fremu. Umelipa kodi ya miezi sita, dalali amechukua mwezi wake, mwenye nyumba amekuonyesha choo kilichojaa na kukukumbusha kwamba unyonyaji ni mchango wa wapangaji wote, na sasa hela ya mzigo hakuna. Usihuzunike. Hela ya bango ipo, na bango ndiyo biashara yenyewe mpaka mzigo utakapopatikana. Kazi ya mwongozo huu ni kukuchagulia herufi zitakazomfanya mpita njia aamini kwamba ulikuwa hapo Mabibo kabla Barabara ya Mandela haijawekwa lami.

Herufi hizo unazijua kwa sura, ila hamjatambulishwa. Ni zile nene, pana, ambazo kila fimbo yake imekalia kipande cha mstatili chini, na juu ikabandikwa kingine. Kipande hicho wachapaji hukiita serifu. Kwenye vitabu vya shule serifu ni nyembamba na imechongoka, inajificha. Kwenye hizi imekatwa mraba, ina unene uleule wa fimbo iliyoibeba, na haijifichi hata kidogo. Mimi naziita herufi za kitako.

Zilizaliwa London, yapata 1815, kwenye kitabu cha vielelezo cha mchonga herufi aitwaye Vincent Figgins. Ulikuwa wakati wa viwanda, bahati nasibu na mabango yaliyobandikwa juu ya mabango, na kila mwenye kuuza alitaka kupaza sauti kumpita jirani yake. Herufi za vitabuni ukizikuza zinabaki na adabu zake. Hizi hazikupewa adabu tangu mwanzo. Muda si mrefu zikaitwa za Kimisri, kwa kuwa Napoleon alikuwa amevamia Misri mwaka 1798 na Ulaya nzima ikapagawa na mapiramidi. Cha Misri ndani yake hakikuwamo, kama ambavyo hakuna cha Dubai kwenye nusu ya vitu vinavyoitwa vya Dubai pale Kariakoo. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuchonga herufi za mbao, na tangu hapo ukubwa wa herufi haukuwa tena suala la uzito wa risasi. Mwaka 1845 Robert Besley akatoa Clarendon, akaisajili kisheria na kupewa ulinzi wa miaka mitatu. Ilipokwisha, wenzake wote wakatoa ya kwao. Kama umewahi kufungua banda la chipsi karibu na hosteli ya Mabibo na likapata wateja, unajua kwamba miaka mitatu ni mingi sana.

Iliyotufikia sisi ni Rockwell, iliyotolewa na Monotype mwaka 1934. Haikuletwa na wamisionari wala na mafundi wa Kichina. Ilikuja ndani ya Microsoft Office, ileile iliyoko stesheneri ya mtaani kwako, ambayo si vizuri kuuliza ilinunuliwa duka gani.

Ukifika stesheneri

Usiingie na mchoro. Mchoro utamchanganya kijana, na yeye anaongozwa na maneno. Mazungumzo sahihi huenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dogo, nitafutie ile ya kibabe."

"Hii?"

"Nene zaidi."

"Hii je?"

"Nene zaidi, bwana. Mtu aione akiwa kituo cha External."

"Mzee, hii ni Rockwell Extra Bold. Baada ya hii hakuna nyingine, labda nikuwekee boksi jeusi tu."

Hapo umefika. Atajaribu kukupa nyingine kwa sababu na yeye ana vipendwa vyake. Kataa Algerian. Hiyo imetumika kwenye vyeti vya kuhitimu chekechea na kadi za harusi kiasi kwamba mtu akiiona juu ya mlango anadhani anadaiwa mchango. Playbill unaweza kuifikiria kama unachoma nyama: ni ile nyembamba yenye vitako vinene kuliko miguu, aliyoichora Robert Harling miaka ya 1930 kwa kuiga mabango ya zamani ya maigizo, na inaleta harufu ya makauboi. Nyama choma na farasi vinasameheana.

Ukishaipata usikubali aivute. Atataka kuivuta. Bango lako lina mita tatu kwa moja, jina lako ni fupi, na yeye ana kipanya mkononi; atashika pembe ya neno na kulivuta mpaka lijaze nafasi. Kinachotokea ni hiki. Fimbo za wima zinavimba, vitako vya mlalo vinabaki vilevile, na ile ngumi uliyoilipia inaondoka. Uzuri wote wa herufi hizi ni wima na mlalo kuonekana sawa. Nasema kuonekana, kwa sababu ukizipima kwa rula si sawa: mchoraji huupunguza mlalo kidogo, maana jicho la binadamu huuona mlalo mnene kuliko wima hata vikiwa na kipimo kimoja. O nayo hutokeza kidogo juu na chini ya mstari, bila hivyo ingeonekana imepungua mbele ya H. Hayo yamechukua watu miaka mingi kuyapatia, na kijana anayafuta kabla hajamaliza kujibu ujumbe wa WhatsApp.

Shida ya kuandika Kiswahili kwa vitako

Hapa twende taratibu, kwa sababu ndipo hela inapopotea.

Herufi za kitako ni pana, na maneno yetu ni marefu. Chukua HATUKOPESHI. Ni neno moja lenye herufi 11, sentensi nzima yenye mtenda, kitendo na roho mbaya, na halikatiki katikati bila aibu. Kwenye bango la mita tatu litakula mita zote tatu, kisha jina la duka litabanwa chini kwa ukubwa wa maelekezo ya dawa ya kikohozi. Kwa maana hiyo duka litajulikana kwa kutokopesha, na wala si hasara.

Halafu kuna I. Kiswahili kinaipenda I kupita kiasi. Kwenye herufi za kawaida I ni fimbo moja, inapita bila kulipa nauli. Ya kitako ina jamvi chini na jamvi juu, inadai upana wake kamili. Andika VITI VYA KUKODI na uhesabu: I tatu, zote zimejitanua. Fundi wa brashi analijua hili kwa mkono wake. I ya kawaida ina pembe nne. Ukiivalisha vitako inakuwa na pembe 12. H inatoka pembe 12 kwenda 28. Kila pembe ni kusimamisha brashi, kushika pumzi, kugeuza, na rangi ya mafuta haisubiri. Ndiyo maana ukimpelekea kazi ya HATUKOPESHI kwa vitako, yenye H mbili na I moja, atakuuliza kwa upole kama kweli haiwezekani kukopesha kidogo.

Lakini neno linalomtoa fundi jasho kuliko yote ni DAWA. Utaliona kila mtaa, kwa sababu maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, sasa yako kila kona. Tazama A ikikutana na W. A ni pana chini, W ni pana juu. Kwenye herufi za kawaida zinaegemeana vizuri, mteremko kwa mteremko. Zivishe vitako. Mguu wa A unachomoza kuingia chini ya W, kichwa cha W kinachomoza kufunika bega la A. Ukizisogeza, zinagongana. Ukiziacha zilivyotoka kwenye kompyuta, unapata uwazi mweupe wa mshazari kila upande wa W, na mgonjwa anasoma DA WA, anadhani ni majina ya watoto wa mwenye duka. Dawa yake ni kukata: kitako kimoja kinapunguzwa nusu, au viwili vinaunganishwa kuwa kimoja kirefu. BAA ndivyo inavyotakiwa, miguu ya A zile mbili ikalie jamvi moja. Mafundi wa brashi wachache waliobaki hufanya hivyo bila kuambiwa. Wanapiga mistari miwili kwa uzi wenye chaki, wanaweka fimbo za penseli kwanza, wanarudi nyuma hatua kadhaa katikati ya barabara huku bodaboda zikiwatukana, wanakodoa jicho moja, na wanaporudi ukutani A na W zimeshapatana. Ukitaka kujua bango limeandikwa na mtu au limebonyezwa, usitazame rangi, tazama katikati ya A na W.

Ukubwa usiukisie. Wenye kazi hii wana kanuni ya inchi moja ya urefu wa herufi kwa kila futi kumi za umbali. Abiria aliyeko upande wa pili wa Barabara ya Mandela, tuseme futi 100, anahitaji herufi za inchi 10, na hapo hatujahesabu lori la kontena kutoka bandarini litakalosimama katikati yenu kwenye foleni. Kumbuka pia kwamba ada ya mabango hukokotolewa kwa ukubwa wa bango. Afisa atapima ubao. Unene wa herufi hana kipimo chake. Kwa hiyo nenepesha herufi, ubao uache ulivyo. Na akifika, mpokee vizuri, hasa kama bango lako bado linasema Manispaa ya Kinondoni wakati Mabibo ilishahamia Ubungo.

Rangi: kila mtu atakuambia nyekundu. Nyekundu inaita, kweli, kwa msimu mmoja. Jua la Dar linakula wekundu na umanjano wa wino wa fleksi kabla ya kugusa bluu na weusi, ndiyo maana mabucha mengi baada ya muda yanatangaza nyama ya rangi ya samawati. Weka herufi nyeusi. Nyama ichore mwenyewe kichwani.

Nani apewe, nani anyimwe

Bucha apewe kwanza. Hakuna biashara inayofanana na herufi hizi kama bucha: kuna gogo, kuna shoka, kuna mizani ambayo hatutaijadili. Anayefuata ni mwenye vifaa vya ujenzi, kwa kuwa mteja akiona herufi zimesimama imara anaamini na nondo ni milimita 12 kweli. Muuza mbao, fundi wa mageti na mwenye ghala wapewe bila kuulizwa. Shule ya awali ya chumba kimoja na nusu ipewe pia, ikiwezekana pamoja na nembo yenye kitabu kilichofunguka na mwenge, maana mzazi halipii chumba.

Saluni anyimwe. Jina la saluni kwa vitako linamfanya mteja ahisi nywele zitanyooshwa kwa grenda. Mganga naye anyimwe, kwa faida yake. Mganga hupata wateja kwa bati lililoandikwa kwa mkono, herufi zimepinda, S imegeukia ukutani, namba ya simu imeishiwa nafasi na kupanda juu kwa wima. Akija na Rockwell iliyopangwa vizuri, watu wataanza kuuliza leseni. Wakala wa pesa hana la kuchagua. Mtandao utampakia ukuta bure, kwa herufi zilizochaguliwa na watu wasiojua mtaa wake uko wapi, na kampuni ikibadili jina, kama Tigo ilivyogeuka Yas mwishoni mwa 2024, ataamka na ukuta mwingine.

Muuza ndizi wa soko la Mahakama ya Ndizi hahitaji ushauri wangu. Malori yanashusha mikungu, watu wanaizunguka na kuibonyeza, bei inapigwa kwa mdomo. Sijaona herufi iliyowahi kuuza mkungu.

Ukiwa tayari na bango, ongeza TANGU. TANGU na mwaka, kwa vitako, pembeni chini, ndipo herufi hizi zinapofanya kazi yao hasa, kwa sababu zinatoa uzee kwa mkopo na hazitaki dhamana. Mwaka wenyewe uuchague kwa busara. Usiende nyuma ya 1968, mwaka ambao kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa kwa msaada wa China hapo jirani, maana wapo wazee waliofanya kazi kiwandani wanaokumbuka kila kibanda kilichokuwepo na nani alimdai nani. 1998 ni salama. Wengi wanakumbuka mvua za El Niño za msimu ule na hawakumbuki kitu kingine.

Utagundua jambo baadaye: hata bango liseme nini, na kwa vitako vya unene gani, mtaa utasema "kwa Mangi". Usipigane na hilo.

Herufi hizi kwa ajili ya kutisha

Wapo wanaozitaka si kwa kuuza bali kwa kutisha, na wana haki yao. Wanazo hata za kipimo chembamba: herufi za taipureta ni ukoo huohuo. Mashine ya kupiga chapa hutoa nafasi ileile kwa kila herufi, kwa hiyo i ndogo ilibidi ipewe vitako virefu ili isipotee katika nafasi iliyotosha m. Courier, iliyochorwa na Howard Kettler kwa ajili ya IBM miaka ya 1950, ndiyo mjukuu anayejulikana zaidi. Notisi ya kuhama nyumba ikipigwa kwa Courier, ikagongwa muhuri wa mviringo uliolowa wino, inasomwa mara mbili. Ikipigwa kwa herufi laini za simu, mpangaji anajibu kwa kidole gumba kilichonyanyuliwa.

Ukutani matokeo ni mchanganyiko. USIKOJOE HAPA kwa vitako haijamzuia mtu. Kinachotokea ni kwamba wanaume wanasimama mbele ya maneno hayo na kuyasoma kwa utulivu mpaka wamalize. NYUMBA HII HAIUZWI nayo usiithubutu kwa kompyuta. Herufi nzuri zinamfanya mpita njia adhani ni jina la kampuni inayouza nyumba, na utapigiwa simu kuulizwa bei. Inatakiwa iandikwe haraka, kwa brashi ya kupakia kuta, na mtu mwenye hasira, ikiwezekana shangazi aliyerudi toka Tanga akakuta shamba la urithi limeshaonyeshwa kwa wateja wawili.

Na ipo herufi moja ambayo haijawahi kuomba serifu. Mwaka 2017, kwa wale waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ilikuja X. Mapigo mawili ya rangi nyekundu ukutani, bila rula, bila uzi wa chaki. Hakuna aliyeuliza ni fonti gani. Nyumba zilivunjwa. Kama unatafuta herufi yenye nguvu kuliko zote Dar es Salaam ni hiyo, na ukiwa na akili hutaiweka kwenye bango lako, hata kama unauza eksirei.

Bango likizeeka

Fleksi ya nje ukiitundika kwa waya na misumari ya mbao haivuki misimu mingi ya mvua. Kwanza pembe inachanika, halafu upepo unaingia nyuma yake na usiku kucha linapiga kofi ukutani mpaka majirani wanakufahamu. Likifika hapo usilitupe. Ni turubai zuri: linafunika banda la kuku, linaanikiwa mahindi, linazuia jua kwa mama ntilie. Mabango ya kampeni hupatikana kwa wingi baada ya uchaguzi na yana faida ya kuwa mapya, ila ukilitandika juu ya banda, mgombea atakuwa anatabasamu kuangalia mawinguni kwa miaka mitano.

La kwako lina vitako, kwa hiyo linasomeka hata likiwa limekunjwa, limegeuzwa au limekanyagwa na bata. Likate kabla ya kulitumia. Anza na namba ya simu. Ukiiacha, mtu wa ghorofa ya tatu upande wa pili ataiona kutoka kibarazani kwake, atapiga saa mbili usiku kuuliza kama viti bado vipo, na wewe kwa sasa unafuga kuku.